Mwenda Tezi na Omo: Rege ya Kiswahili, Mtunzi Aliyehama na Ukimya wa Wahakiki

Utangulizi

Ni nadra kulikuta jina la Mtopanga katika faharasa za vitabu vya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Pate imo, Lamu imo, Mvita imo, Tanga na Unguja zimo; Mtopanga haimo. Wadi hii ya eneobunge la Kisauni, upande wa kaskazini wa bara ya Mombasa, ni jirani ya Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 na ambako hoteli za watalii zimejipanga ufuoni hadi Shanzu. Wakazi wake ni mchanganyiko wa Wamijikenda, Waswahili na watu waliotoka bara kufuata kazi za machimbo na hoteli. Kinachowakutanisha ni Kiswahili. Na kwa vijana wao wengi, kwa miongo kadhaa sasa, Kiswahili hicho kimesikika pamoja na mapigo ya rege: ndani ya matatu, katika vibanda vya vinyozi, katika dansi za mwisho wa juma.

Ufuo huu una historia yake ya muziki. Bendi ya Them Mushrooms, ya akina Harrison, ilikulia katika hoteli za pwani hii, na rege ilikuwa miongoni mwa mitindo iliyoipiga mapema kuliko bendi nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1987 bendi hiyo ilihamia Nairobi. Kabla ya hapo, wimbo wake "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikwisha kuvuka bahari bila ya mtunzi wake: kundi la Boney M, lililoundwa Ujerumani, liliutoa kwa namna yake mwaka 1983. Huo ni wimbo uliohama, mtunzi akabaki. Makala haya yanashughulikia kinyume chake: mtunzi anayehama, huku wimbo wake ukibaki katika lugha ya kwao. Katika Kisauni, ambako jamaa wengi wana ndugu Ulaya au Ghuba, mtu wa namna hiyo si kioja.

Mfano ulio bayana ni Nasibu Mwanukuzi, ajulikanaye kwa jina la Ras Nas, mshairi, mwimbaji na mtayarishaji wa muziki kutoka Tanzania. Alipitia bendi ya Roots and Culture ya Dar es Salaam, aliyokuwamo pia Jah Kimbute, kisha akahamia Norway na kuweka makao Oslo. Huko aliendelea kutunga na kuimba kwa Kiswahili, pamoja na Kiingereza, na kuzitoa kazi zake kupitia Kongoi, kampuni yake mwenyewe.

Dai la makala haya ni fupi. Mwimbaji wa aina hii ni mtunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa kila kipimo ambacho taaluma hii imewahi kukitumia kwa dhati. Ikiwa hasomwi, si kwa sababu alipimwa akapungua. Ni kwa sababu hakupimwa. Na hasara ya jambo hili haimwangukii yeye peke yake. Mwanafunzi atokaye Mtopanga akaingia chuo kikuu hufundishwa, bila ya mtu kulitamka hilo, kwamba Kiswahili alichokipenda kabla ya kufika darasani si fasihi. Atakapohitimu, atakwenda kuwafundisha wengine vivyo hivyo.

Sababu zinazotolewa kuhalalisha ukimya huu ni tatu: kwamba rege ni ya kigeni, kwamba wimbo si ushairi, na kwamba aliyehama amejitoa. Inafaa kila moja ichunguzwe kwa zamu.

Hoja ya ugeni

Wanaoishikilia hoja ya kwanza wanayo methali yao: usiache mbachao kwa msala upitao. Rege, wasema, ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni msala upitao, na kijana wa Kiswahili anayeikalia atakuja kujikuta chini.

Methali ni nzuri, lakini mbachao wenyewe umefumwa na nani? Istilahi ambazo kwazo ushairi wa Kiswahili hupimwa, yaani shairi, bahari na arudhi, zina asili ya Kiarabu. Tarabu, ambayo leo hakuna athubutuye kuiita ngeni, ilichukua ala na mtindo kutoka Misri katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Riwaya na tamthilia ya jukwaani zilikuja na shule na kanisa. Muziki wa dansi ulinyonya santuri za Kuba. Kama ugeni wa chombo ungekuwa kigezo, mtaala wa fasihi ya Kiswahili ungebakiwa na kurasa chache mno, na hata hizo zingehitaji kuulizwa hati yao ilitoka wapi. Lugha iliyokulia bandarini haiwezi kuanza leo kuwafukuza wageni ambao ndio waliojenga nusu ya nyumba.

Isitoshe, ugeni wa rege ni wa namna ya pekee. Huu ni muziki uliokuwa ukitazama huku hata kabla ya huku kuutazama. Haile Selassie alipotua Kingston tarehe 21 Aprili 1966, umati wa marasta ulimlaki kama mtu aliyetoka nyumbani kwao. Bob Marley alipiga muziki Salisbury, ambayo leo ni Harare, usiku wa uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980. Wapo pia wanaozihusisha nywele za marasta na picha za wapiganaji wa Mau Mau zilizoifikia Jamaika miaka ya 1950. Hata mtu akilipinga hilo la mwisho, bado itambidi akiri kwamba mgeni huyu alibisha hodi kwa jina la mwenye nyumba.

Na mkutano huo haukuishia katika siasa. Umeingia katika neno. Chukua jina tu la albamu ya Mwanukuzi, Mr. Bongoman. Kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, Bongo ni jiji, na baadaye nchi nzima, ambako mtu huishi kwa kutumia ubongo wake. Bila bongo hali mtu mlo wa jioni. Kwa msikilizaji wa Jamaika, bongo man ni rasta, mtu asiyeionea haya asili yake ya Afrika. Neno moja, bahari mbili. Anayejiita hivyo akiwa Oslo anasema kwamba ni mtu wa mjini aliyezoea kuhangaika na ni mwana wa Afrika aliyetawanyika, na analisema hilo bila ya kutumia sentensi. Kama neno hilo lingekuwa katika diwani ya Euphrase Kezilahabi, wanafunzi wa shahada ya pili wangelijazia kurasa. Kwa kuwa lipo juu ya jalada la muziki, limepita bila ya salamu.

Hoja ya wimbo

Hoja ya pili ina heshima zaidi, kwani inaonekana kuwa ya kitaaluma. Wimbo, husemwa, hutegemea sauti na ala. Ukivuliwa hivyo hubaki maneno machache yanayojirudia. Ushairi husimama wenyewe.

Tatizo la hoja hii ni kwamba jadi ya Kiswahili haiijui. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, kitabu ambacho kwa wanamapokeo ni kama msahafu, alisisitiza kwamba shairi ni wimbo na kwamba lisiloimbika lina kasoro. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliirudisha mada hiyo kwa ushahidi mpana zaidi: tungo za Waswahili ziliundwa kwa ajili ya koo na sikio, na wimbo ni mzizi wake. Mohamed H. Abdulaziz, alipomwandikia Muyaka bin Haji kitabu kizima mwaka 1979, alimwita mshairi wa umma, mtu aliyeutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Soko la Mvita la wakati wa Muyaka halikuwa na maktaba. Beti zilishikwa kwa moyo, zikaimbwa, zikabishaniwa, zikapita.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote umo mikononi mwa Shaaban Robert. Mtu huyu, ambaye kila mtaala humweka kileleni, aliketi akaandika wasifu wa mwimbaji: Wasifu wa Siti binti Saad. Hakumwandikia sultani wala mwanachuoni. Alimwandikia mwanamke aliyezaliwa katika umaskini wa shamba, aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, na ambaye tungo zake zilizungumza juu ya mambo ya mtaani: dhuluma, mapenzi, hukumu za mahakama. Shaaban Robert hakuona kwamba anashuka hadhi. Wanaojiita wanafunzi wake ndio walioishi kuogopa kushuka.

Hapa inafaa kuukumbuka mgogoro maarufu wa ushairi. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walitupiana maneno kwa miaka mingi. Wanamapokeo walidai kwamba shairi lisiloimbika si shairi. Wanamabadiliko walidai kwamba vina na mizani si roho ya ushairi, na kwamba mtunzi ana haki ya kuunda umbo linalolingana na ujumbe wake. Mtunzi wa rege ya Kiswahili angepaswa kupita katika mlango wowote wa hiyo miwili. Kwa kipimo cha wanamapokeo, anaingia kwa kuwa anaimba. Kwa kipimo cha wanamabadiliko, anaingia kwa kuwa ameivunja mizani ya kale na kuunda nyingine. Anayetosha kwa vipimo viwili vinavyopingana, kisha akaachwa barazani, hakukataliwa na kipimo. Amekataliwa kwa nasaba: kwa nywele zake, kwa mtaa wake, kwa watu wanaomsikiliza.

Hoja ya kuhama

Hoja ya tatu haiandikwi mara nyingi, lakini husemwa sana. Aliyehama, wasema, amejitoa. Anaimba mbali na jamii, kwa wasikilizaji wasioijua lugha. Vipi basi ahesabiwe kuwa sauti ya jamii hiyo? Mkataa kwao mtumwa.

Tuseme hoja hii ni sahihi. Itakuwa imewang'oa akina nani? Itamng'oa kwanza Abdilatif Abdalla. Mshairi huyu alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", akatoka gerezani na tungo za Sauti ya Dhiki, kisha akaishi Dar es Salaam, London na hatimaye Leipzig, alikofundisha kuanzia 1995 hadi 2011. Itamng'oa Alamin Mazrui, mwandishi wa Chembe cha Moyo (1988), aliyehamia Marekani. Itamng'oa Said Ahmed Mohamed, aliyefundisha Osaka na Bayreuth. Hata Tungo Zetu, kitabu kilichotetea uenyeji wa ushairi wa Kiswahili kwa ari kubwa kuliko vingine vingi, kilichapishwa New Jersey. Nusu ya silaha za wanaoutetea uenyeji zimefuliwa ugenini.

Mpinzani atajibu kwamba Abdilatif alisukumwa na dola, ilhali mwimbaji alijiendea kutafuta riziki. Tofauti hiyo ni ya kweli katika maisha. Katika uhakiki haina kazi. Mhakiki hajapata kuwa afisa wa uhamiaji. Halimhusu swali la mtu alitokaje. Linamhusu swali la alichokifanyia lugha baada ya kutoka. Na hata riziki si jambo la kudharauliwa. Wahadhiri waliokwenda Ulaya, Marekani na Japani walikwenda kwa mishahara, na hakuna aliyewafutia majina katika orodha ya vitabu vya kiada. Mshahara wa profesa unasameheka. Ujira wa mpiga gita ni usaliti. Huo si msimamo wa kinadharia, ni chuki ya kitabaka iliyovaa joho.

Kwa hakika kuhama, kukisomwa vizuri, huifanya kazi ya mwimbaji iwe na maana zaidi. Anayeimba kwa Kiswahili Dar es Salaam au Mtopanga haulizwi kwa nini. Ndiyo lugha iliyopo. Anayeimba kwa Kiswahili Oslo amechagua, na uchaguzi wake una gharama. Mbele yake wapo watu wanaolipokea pigo na kuliacha neno. Kiingereza kipo, ni rahisi, na soko la rege duniani limekizoea. Mwanukuzi mwenyewe anakitumia pia. Kila anapokiacha na kurudi katika Kiswahili, anamtaja msikilizaji asiyekuwamo ukumbini. Msikilizaji huyo ni nani? Ni wa kwao aliyeachwa? Ni mhamiaji mwenziwe? Ni yeye mwenyewe? Hayo ndiyo maswali ambayo nadharia ya upokezi iliundwa kuyajibu, na hapa kuna matini zinazoyauliza kwa sauti kubwa.

Wenzetu wa Karibiani hawakuyakimbia. Linton Kwesi Johnson alizaliwa Chapelton, Jamaika, mwaka 1952, na kupelekwa London mwaka 1963 akiwa mtoto. Akasoma sosholojia, kisha akaandika ushairi kwa krioli ya Jamaika na kuutia katika rege. Diwani yake Dread Beat an' Blood ilitoka mwaka 1975, na albamu yenye jina hilohilo mwaka 1978. Mwaka 2002 tungo zake zikaingia katika mfululizo wa Penguin Modern Classics, na mwaka 2020 akatunukiwa tuzo ya PEN Pinter. Lakini kabla ya wachapishaji wakubwa kumkubali, wahakiki walikwisha kufanya kazi yao. Kamau Brathwaite aliipa lugha ya namna hiyo msingi wa kinadharia katika History of the Voice mwaka 1984. Carolyn Cooper, mhadhiri katika chuo kikuu cha Mona, Kingston, alizisoma nyimbo za Jamaika bega kwa bega na ushairi wa vitabuni katika Noises in the Blood mwaka 1993. Hawakusubiri mtunzi afe, wala hawakusubiri arudi.

Mtayarishaji kama mhariri

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao wahakiki hawajaugusa kabisa, nao ni utayarishaji. Siti binti Saad alikwenda Bombay na kuiacha sauti yake katika mikono ya kampuni ya wageni. Waimbaji wengi wa Afrika Mashariki waliomfuata waliishi hivyo: walitunga, wakarekodiwa, wakalipwa kidogo au wasilipwe, na wimbo ukawa mali ya mwingine. Mwimbaji anapoanzisha kampuni yake, kama Mwanukuzi alivyofanya kwa Kongoi na kama Linton Kwesi Johnson alivyofanya London mwaka 1981, hafanyi biashara tu. Anatwaa mamlaka ya kuamua matini yake iishie wapi, itamkwe vipi na nini kikatwe.

Katika rege mamlaka hayo ni makubwa kuliko katika muziki mwingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Osbourne Ruddock wa Kingston, fundi wa vyombo vya umeme aliyejulikana kama King Tubby, alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa akazifumua upya: akaiondoa sauti ya mwimbaji, akaacha besi na ngoma, kisha akaruhusu kipande cha neno kirudi kwa mwangwi na kupotea tena. Mtindo huo, dabu, ni uhariri wa aina yake. Mbinu ambazo mhakiki wa Kiswahili huzifundisha kila mwaka zimo humo: takriri, mdokezo, mrudio wa kibwagizo, ukimya wenye maana. Tofauti ni kwamba zimetendwa kwa mkono juu ya mashine badala ya kalamu juu ya karatasi. Ushairi wa Linton Kwesi Johnson hauwezi kuelezwa barabara bila ya kumtaja Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados aliyehamia London akiwa mtoto, aliyeziandalia tungo hizo muziki. Aliyeitengeneza kimya baina ya mstari na mstari naye ana fungu katika utunzi.

Hapa mhamaji huleta suala jipya. Studio ya ugenini inaweza kujaa wapigaji stadi wasiojua neno la Kiswahili. Hawajui shada huangukia wapi wala sentensi inaishia wapi. Mtunzi aliye mtayarishaji ndiye peke yake anayeweza kuilinda lugha isipindwe na ala. Anafaulu kwa kiasi gani? Jibu linahitaji mtu anayeijua arudhi na ambaye pia yuko tayari kusikiliza besi. Mtu huyo alipaswa kutoka katika idara za Kiswahili.

Mapigo kama bahari

Si vema kudai mhakiki aingie shambani bila ya kumwonyesha jembe. Jembe lipo, na ni lake mwenyewe.

Kiswahili huweka shada katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika shairi la mizani kumi na sita, kila kipande huwa na mizani minane, na shada la mwisho wa kipande huangukia mizani ya saba. Ya nane hutua kwa ulegevu. Mwimbaji wa jadi huijenga sauti yake juu ya mteremko huo. Rege ina mteremko wake. Katika pigo lake maarufu zaidi, ngoma huliacha pigo la kwanza tupu na kuuangusha uzito wote katika pigo la tatu, huku gita likigonga pembeni, kwa mkato. Neno la Kiswahili linapoingia humo hukuta pahali pa kawaida pa kuanzia pamehamwa. Mtunzi ana njia kadhaa: kuchelewa na kuanza baada ya shimo hilo, kuvuta silabi ya shada mpaka ilikute pigo, kukata neno mahali ambapo sarufi haikati, au kuimba kinyume na ngoma kwa makusudi. Kila njia ina athari kwa maana. Neno la shutuma linalotangulia pigo ni haraka ya mwenye hasira; likichelewa huwa dhihaka.

Huu ni uchambuzi wa bahari, hauna jina lingine. Wataalamu waliotumia maisha yao kubainisha inkishafi na ukawafi, wimbo na utumbuizo, wanazo zana zote zinazohitajika. Kinachokosekana ni nia.

Ni haki pia kusema kwamba sehemu kubwa ya rege ya Kiswahili ni dhaifu. Babiloni na Zayuni hutajwa mpaka hupoteza makali. Semi za Kijamaika huhamishwa zikiwa mbichi. Hasira hubaki kuwa kaulimbiu, haifiki kuwa taswira. Mtunzi mwingine huamini kwamba akikitaja kitu kuwa dhuluma amekwisha kukionyesha. Lakini udhaifu huu ni hoja ya kutaka uhakiki, si ya kuukwepa. Nani atamwambia mtunzi kwamba taswira yake imechakaa, ikiwa wanaojua kutofautisha taswira hai na mfu wamekaa kimya? Magazeti ya zamani yalijaa mashairi mabovu yenye vina vilivyotimia, na wahakiki waliyasoma, wakayachambua, wakayakosoa, na kwa njia hiyo ushairi ukanolewa. Mtunzi wa rege haombi kusifiwa. Anastahili kukosolewa na mtu aliyemsikiliza mpaka mwisho.

Hitimisho

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wahenga walioisema methali hii walikuwa mabaharia; walijua kwamba mtu anaweza kutembea kutoka shetri hadi gubeti na bado akawa ndani ya chombo kimoja. Fasihi ya Kiswahili ni chombo cha namna hiyo. Aliyeko Oslo na aliyeko Mtopanga wako ndani yake, madhali neno linalowaunganisha ni lilelile.

Yanayotakiwa si makuu. Nyimbo zinukuliwe kwa hati safi kutoka katika kanda na santuri kabla kanda hazijaharibika. Watunzi wahojiwe wakiwa hai, popote walipo, juu ya utunzi wao na utayarishaji wao. Matini chache zilizochaguliwa kwa ukali ziwekwe katika kozi ya ushairi, mkabala na Sauti ya Dhiki na Kichomi, na mwanafunzi atakiwe kuzipima kwa vipimo vilevile. Zikishindwa, zishindwe darasani, mbele ya mashahidi.

Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, na isingalichapishwa kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa hangaliziokota beti zake kutoka vinywani mwa watu na kumpa Taylor aliyezihifadhi. Miaka mia moja ilipita kati ya kaburi na kitabu, na katika miaka hiyo beti ngapi zilipotea hakuna wa kuzihesabu. Wakati ule idara za fasihi ya Kiswahili hazikuwapo, na udhuru ulikuwapo. Leo idara zipo, vinasa sauti vipo, watunzi wapo. Udhuru ndio haupo.